Je, Mwili Huzoea Zebaki?
Jeni na sumu katika ukanda wa dhahabu

Miaka michache iliyopita nilifuatana na kundi la wanafunzi wangu hadi kwenye mwalo mmoja wa kuchenjulia dhahabu huko Geita. Kalasha zilikuwa zikinguruma na kusaga mawe, na kando ya dimbwi la maji ya tope aliketi mzee mmoja akikanda mchanga mweusi na zebaki ndani ya karai kwa mikono mitupu, kama mtu akandaye unga. Alipopata donge lake jeupe alilikamua kwa kitambaa, akaliweka juu ya kipande cha bati penye makaa, kisha akainama kulipuliza. Mwanafunzi mmoja alimwuliza kwa adabu kama haogopi mvuke ule. Mzee akacheka, akasema: “Mjukuu wangu, kazi hii nimeianza kabla baba yako hajaoa. Damu yangu imekwisha izoea zebaki. Ingekuwa inaua, ningekuwa nimezikwa zamani.”

Jibu lile lilinisumbua njia nzima ya kurudi, wala si kwa sababu lilikuwa la kipuuzi. Lilinisumbua kwa sababu nusu yake ni kweli. Viumbe hai huzoea dhiki. Wapo hata wanaozoea zebaki yenyewe, tena vizuri sana. Hapana budi basi tuulize kwa makini: kiumbe kinapozoea, ni nini hasa kinachobadilika ndani yake? Na je, mwili wa mwanadamu una uwezo huo? Swali hili linatupeleka moja kwa moja kwenye mojawapo ya sehemu zilizostawi zaidi za elimu ya viumbe, nayo ni jinsi seli inavyoamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze.

Tuanze na mfano usiohusu sumu. Mkoani Shinyanga mvua ni milimita 700 hivi kwa mwaka, na mara nyingi hukatika katikati ya msimu, mimea ikiwa imefika magotini. Shamba la mahindi hunyauka upesi. Mtama ulio jirani hukunja majani, husimamisha ukuaji, na mvua irudipo huendelea kana kwamba haukupatwa na jambo. Katika siku zile za kiu mtama haukupewa jeni hata moja jipya. Mizizi ilipohisi udongo umekauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki iliongezeka katika mmea. Vinyweleo vya majani vikafungwa kwa muda wa dakika tu. Na katika saa zilizofuata jeni nyingi zilizokuwa kimya zikaanza kusomwa, zikatoa protini za kulinda seli zisiharibike kwa kukosa maji.

Nyumba ya mkulima ina jembe, mundu, wavu wa samaki na ngoma ya harusi. Vyote vimo ndani, lakini havitolewi vyote siku moja. Vivyo hivyo seli. Bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli, ana jeni 4,300 hivi. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazotoa protini, na karibu kila seli yake inazo zote. Seli ya ini na seli ya jicho hutofautiana kwa kuwa zinasoma kurasa tofauti za kitabu kimoja. Kusoma jeni maana yake ni kunakili sehemu ya DNA kuwa RNA mjumbe, na mjumbe huyo kupelekwa kwenye ribosomu ambako protini hutengenezwa kwa kufuata maagizo yake. Kazi nyingi za seli hufanywa na protini. Kwa hiyo anayedhibiti unakili wa jeni anadhibiti maisha ya seli.

Kwamba udhibiti huo upo, na kwamba unafanywa na vizuizi vinavyofanya kazi kwenye mahali maalumu, kulielezwa wazi mwaka 1961 na Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Walionyesha kwamba bakteria hatengenezi vimeng'enya vya kusaga sukari ya maziwa mpaka sukari hiyo iwepo, kwa sababu kuna kitu kinachozuia jeni husika zisinakiliwe, na sukari ifikapo kizuizi huondoka. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff.

Joto la bahati mbaya

Kuhusu dhiki hasa, hadithi yake inaanzia Italia. Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu kubwa za tezi za mate za nzi wa matunda. Siku moja mtu alipandisha joto la kabati la kukuzia nzi wake. Ritossa alipotazama kwa hadubini aliona kromosomu zimevimba mahali ambapo hapo awali hapakuwa na uvimbe. Uvimbe wa namna hiyo ni dalili kwamba jeni za pale zinanakiliwa kwa wingi. Alichapisha habari hiyo mwaka 1962, na kwa miaka mingi wengi waliiona kuwa ni ajabu ndogo tu ya nzi. Leo tunajua kwamba bakteria, mimea, nzi na wanadamu wote wanazo jeni za aina hiyo.

Utaratibu wake unapendeza kwa urahisi wake. Protini ni kama uzi uliokunjwa kwa umbo maalumu. Joto hulegeza mikunjo hiyo. Ndani ya seli kuna protini walezi ambazo kazi yake ni kusaidia nyingine zijikunje sawasawa. Katika hali ya amani baadhi ya walezi hao humshikilia msimamizi mmoja, aitwaye kwa kifupi HSF1, asifanye lolote. Protini nyingi zinapoharibika, walezi hukimbilia kuziokoa na kumwachia msimamizi. Yeye huungana na wenzake watatu watatu, hushika DNA, na kuamuru walezi zaidi watengenezwe. Walezi wakitosha, humshika tena. Hivyo seli haihitaji kipimajoto. Inapima uharibifu wenyewe, ndiyo maana mlango huo huo hufunguliwa pia na madini ya sumu kama kadimiamu na zebaki.

Walimu wenye ndoo, jiko na subira wanaweza kulionyesha jambo hili darasani. Otesheni mbegu za soya kwa siku mbili au tatu katika karatasi mbichi, kisha muzigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza libaki katika nyuzi 28. La pili litoke nyuzi 28 na kuingizwa moja kwa moja katika nyuzi 45 kwa saa mbili. La tatu likae kwanza saa mbili katika nyuzi 40, ndipo liingizwe katika nyuzi 45 kwa saa mbili. Rudisheni yote katika nyuzi 28 na mpime miche baada ya siku tatu. Miche ya fungu la pili hudumaa au hufa. Ya fungu la tatu, iliyopata joto kwa muda mrefu zaidi, huendelea kukua. Saa mbili za onyo zilitosha kuandaa walezi. Tafadhali tumieni kipimajoto cha spiriti ya rangi, si cha zebaki. Sababu zake ni habari ya kurasa zinazofuata.

Wanaozoea kweli

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, jirani yangu katika maabara alikuwa akikuza bakteria katika mchuzi wenye chumvi ya zebaki. Kwa saa kadhaa chupa ilibaki angavu, nami nilimwambia amewaua. Asubuhi mchuzi ulikuwa mzito kama togwa. Kisha akanionyesha jambo ambalo sijalisahau: aliweka filamu ya eksirei juu ya sahani yenye vishimo vya bakteria mbalimbali, gizani, na alipoisafisha tuliona madoa meusi juu ya vishimo vya wale waliosalimika. Mvuke wa zebaki ndio uliokuwa umeichoma filamu. Bakteria walikuwa wakiigeuza sumu kuwa mvuke na kuipeperusha.

Bakteria wa namna hii wamepatikana katika pande nyingi za dunia, kwenye udongo, maji na matope yenye zebaki. Wanabeba mfululizo wa jeni uitwao mer, zilizopangwa pamoja na kunakiliwa pamoja. Swichi yake ni protini moja, MerR, nayo inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo kwa sababu ni miongoni mwa swichi za jeni zinazofahamika vizuri zaidi.

Ili jeni inakiliwe, kimeng'enya cha kunakili lazima kishike alama mbili kwenye DNA kwa pamoja. Fikirini DNA kama ngazi iliyosokotwa. Katika jeni za kawaida kati ya alama hizo mbili pana vidato 17 hivi. Katika jeni za mer vidato hivyo ni 19. Vidato viwili si kitu, mtasema. Lakini ngazi imesokotwa, na kila vidato kumi na nusu hukamilisha mzunguko mmoja. Kwa hiyo vidato viwili vya ziada huizungusha alama ya pili kwa nyuzi zipatazo 70, ikatazama upande mwingine. Kimeng'enya hukaa pale, mkono mmoja umeshika na mwingine hauna pa kushika. MerR naye yuko pale pale, amekaa katikati ya alama hizo, akiipinda DNA na kukizuia kimeng'enya kisianze wala kisiondoke. Huo ni utayari wa askari aliyekwisha panda lori lakini injini haijawashwa.

Inapokuja ayoni moja ya zebaki, MerR huikamata kwa atomu tatu za salfa zilizomo katika asidi amino zake za sisteini. Umbo lake hubadilika, naye huisokotoa DNA kidogo kinyume, vidato vile viwili vya ziada vikawa kana kwamba havipo. Alama ya pili hugeuka mahali pake, kimeng'enya huishika, na unakili huanza papo hapo. Ayoni moja kwa MerR moja! Ndiyo maana bakteria huamka zebaki ingali kidogo mno.

Jeni zilizoamshwa hutoa kundi la watumishi. MerP huipokea zebaki nje ya utando wa ndani wa seli. MerT huipitisha ndani bila kuiacha izurure. MerA, kimeng'enya chenyewe, huipa elektroni mbili na kuigeuza kuwa zebaki ya asili isiyo na chaji, ambayo huvukizwa na kutoka. Baadhi ya bakteria wana pia MerB, inayokata kifungo kati ya kaboni na zebaki katika misombo hatari zaidi. Zebaki ikipungua, MerR hurudi katika ukimya wake na utengenezaji hukoma, maana hakuna kiumbe kinachomudu kuajiri watumishi wasio na kazi. Niongeze kwamba huko si kuisafisha dunia: bakteria hujiokoa kwa kumtupia jirani takataka hewani.

Kuna jambo moja la kutia wasiwasi katika habari hii njema ya bakteria. Jeni za mer mara nyingi husafiri juu ya vipande vya DNA vinavyorukaruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Kimoja kinachojulikana sana, Tn21, kilitambuliwa katika bakteria wa kuhara damu waliopatikana Japani mwishoni mwa miaka ya 1950, nacho hubeba kwa pamoja jeni za kustahimili zebaki na za kustahimili baadhi ya dawa za kuua bakteria. Zebaki ikiwachuja bakteria kwenye tope, inaweza kuwabakiza wale ambao dawa zetu pia haziwezi kuwaua.

Na mwili wa mzee je?

Binadamu hana jeni za mer. Lakini hana mikono mitupu kabisa, na hapa ndipo ile nusu ya ukweli ya mzee ilipo.

Zebaki hupenda salfa kuliko karibu kitu kingine chochote. Salfa hiyo imo katika sisteini za protini zetu nyingi, na zebaki ikiingia humo protini hupoteza umbo na kazi. Kinga ya mwili hutumia kivutio hicho hicho. Mwaka 1957 Margoshes na Vallee walieleza protini ndogo waliyoipata katika figo ya farasi, ambayo baadaye iliitwa metalothionini. Asidi amino zake ni sitini na kitu tu, na 20 kati yake ni sisteini. Ni mfuko wa salfa. Katika siku za kawaida hubeba zinki na shaba. Zebaki ikija huisukuma zinki nje na kukaa mahali pake. Zinki iliyoachwa huru humwamsha msimamizi aitwaye MTF-1, naye huamuru metalothionini zaidi itengenezwe. Figo za mtu anayepata zebaki mara kwa mara zinaweza kujijazia protini hii. Aidha kuna jozi nyingine: Keap1, mlinzi mwenye sisteini zilizo wazi, humshika msimamizi Nrf2 na kumpeleka akaharibiwe, sumu ikizigusa sisteini hizo mlinzi hulegea, Nrf2 huingia katika kiini cha seli, na jeni za kutengeneza glutathioni, nayo yenye salfa, husomwa kwa wingi.

Kwa hiyo mzee hakukosea kusema kwamba mwili hujibu. Alikosea kudhani kwamba kujibu ni kushinda.

Bakteria huitoa zebaki nje. Sisi, kwa sehemu kubwa, tunaifungia ndani, na mfuko una kikomo. Lakini tofauti kubwa zaidi ni ya njia. Bakteria huanza na ayoni na kumaliza na mvuke. Mpuliza makaa huanza na mvuke. Mvuke hauna chaji, nao hupita katika tando za mapafu bila kizuizi; karibu asilimia 80 ya zebaki anayoivuta hubaki mwilini. Hupita pia katika ukuta unaoulinda ubongo dhidi ya damu. Humo ndani kimeng'enya cha katalasi, ambacho kazi yake halali ni kuvunja peroksidi ya hidrojeni, huigeuza zebaki kuwa ayoni. Ayoni ina chaji, haiwezi kurudi ilikotoka, na hunasa kwenye salfa za seli za neva. Kile alichokifanya bakteria ili aokoke, katika ubongo wetu hufanyika kinyumenyume. Na seli za neva, tofauti na za ini, kwa kawaida hazizaliwi upya zinapokufa.

Kabla hatujaondoka mwaloni nilimwomba mzee anyooshe mkono, vidole vikiwa vimetanuliwa, nikaweka juu yake karatasi ya daftari. Karatasi ilitetemeka. Alisema ni uzee. Uzee nao hutetemesha, sikubishana naye. Lakini mtetemeko wa mikono, kusahausahau, hasira zisizo na sababu na vidonda vya fizi ndizo dalili zilizojulikana tangu zamani kwa watengeneza kofia wa Ulaya, waliofanya kazi na zebaki katika karne ya 19. Mwaka 2003, katika mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na shirika la UNIDO, wananchi wa Rwamagasa, Geita, walipimwa afya zao na kulinganishwa na watu wasioishi kwenye machimbo. Wachomaji wa donge ndio walioonekana kubeba zebaki nyingi kuliko wengine, na dalili za mishipa ya fahamu kama mtetemeko na kuyumba zilikutwa miongoni mwao.

Mara nyingi naulizwa kuhusu samaki. Zebaki inayozama kwenye matope yasiyo na hewa hukutana na bakteria wa aina nyingine, ambao huiongezea kikundi cha methili. Jeni mbili zinazohitajika kwa kazi hiyo, hgcA na hgcB, zilitambuliwa mwaka 2013. Methili-zebaki ndiyo iliyowaumiza watu wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Ikishikamana na sisteini hufanana sana na methionini, asidi amino ya kawaida ya chakula, hivyo mlango wa ubongo huifungulia kama mgeni halali. Na hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni, ambaye damu yake hubeba zaidi kuliko ya mama. Kwa upande wa Ziwa Victoria, utafiti wa Ikingura wa Tanzania na Akagi wa Japani, uliochapishwa mwaka 1996, ulikuta kiasi kidogo cha zebaki katika samaki wa ziwa, chini ya viwango vya hatari. Kwa hiyo nisingependa mwalimu yeyote awatishe wanafunzi wake wasile sangara. Hatari ya kwanza katika ukanda wetu ni pumzi ya anayechoma, na ya wale wanaoketi karibu naye, hasa donge linapochomwa ndani ya nyumba kwenye jiko la kupikia.

Hapo suala la jeni linarudi kwa uzito wake wote. Katika ubongo wa mtoto anayeumbwa jeni husomwa kwa ratiba: hizi wiki hii, zile wiki ijayo, seli hii isafiri, ile iunganike na jirani yake. Seli iliyo katika dhiki hupunguza usomaji wa kawaida ili isome jeni za kujiokoa. Mtu mzima anaweza kulipia gharama hiyo na kuendelea. Kwa mtoto, wiki iliyotumika kupigana ni wiki ya ujenzi iliyopotea, na ratiba hairudi nyuma.

Zebaki huchemka katika nyuzi 357, joto ambalo makaa hulifikia kwa urahisi, na karibu nusu ya uzito wa donge ni zebaki. Chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoozwa kwa maji, huurudisha mvuke kuwa majimaji. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza, na zebaki inayopatikana hutumika tena. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unaitaja miongoni mwa desturi za kukomeshwa kwanza ile ya kuchoma donge wazi na ya kulichoma katika makazi. Anayeacha kuvuta mvuke leo, zebaki iliyomo katika figo zake itapungua kwa nusu katika miezi miwili hivi, na ndivyo mkojo wake utakavyoonyesha kwa mpimaji. Iliyomo katika ubongo huondoka polepole zaidi, na sehemu yake hubaki kwa miaka.